Kutoka Nakuru hadi Busia kwa baiskeli: namna ya kuandaa na kuongoza msafara

Kutoka Nakuru hadi mpaka wa Uganda mjini Busia ni kama kilomita 315 kwa njia ninayoieleza hapa. Mtu mwenye afya njema, baiskeli iliyokaguliwa na miezi miwili ya mazoezi anaimaliza kwa siku tano, moja ikiwa ya kupumzika Kisumu. Si lazima awe mwanariadha. Safari za namna hii huvunjwa na kikundi kisicho na utaratibu kuliko zinavyovunjwa na miguu iliyochoka: wenye nguvu wametangulia, wa nyuma hawaonekani, mwenye pampu yuko Londiani na mwenye pancha amekaa kando ya barabara Molo. Ndiyo maana nitakaa zaidi kwenye mambo ya kikundi.

Hatua ya 1: Chagueni njia, upande na mwezi

Anzieni Nakuru, malizieni Busia. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Njia inapanda hadi eneo la Mau Summit, ambako ni zaidi ya mita 2,500, kisha inateremka hadi Kisumu kwenye mita 1,130 hivi. Kwa hiyo mlima mkubwa mnaupanda siku ya kwanza na asubuhi ya pili, miguu ikiwa ingali na nguvu. Anayetoka Busia huukuta mteremko wa Kericho umegeuka mlima, tena baada ya kuchomwa na jua la Kano, uwanda ulio kabla ya Kisumu.

Msipite Salgaa. Hili silijadili na mtu yeyote anayetaka kusafiri nami. Ni kweli barabara kuu ya Nakuru kwenda Mau Summit kupitia Salgaa na Sachangwan ni fupi na lami yake ni pana, lakini ni mteremko mrefu wa malori mazito yanayotoka Eldoret na mpakani, na breki zikishika moto dereva hana la kufanya. Mwaka 2009 lori la mafuta lilipinduka Sachangwan likawaka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Alfajiri ya Desemba 31, 2017, basi na lori viligongana Migaa, na zaidi ya watu 30 wakapoteza maisha. Hao wa Migaa walikuwa ndani ya vyuma. Mwendesha baiskeli hana hata bati la kumkinga.

Piteni Njoro, Elburgon na Molo. Barabara hii ina lami, magari ni machache zaidi, na mashamba ya viazi na njegere yako pande zote mbili. Kutoka Molo mtarudi barabara kuu kwa kipande kifupi, kisha Mau Summit mtakata kushoto kuelekea Kericho.

Kuhusu mwezi, Januari na Februari ndiyo bora. Machi hadi Mei ni masika: Kericho hunyesha karibu kila alasiri, na uwanda wa Kano hufurika mto Nyando ukivunja kingo. Desemba mwanzoni kunawezekana, ila karibu na Krismasi barabara hujaa magari ya watu wanaokimbilia nyumbani, na madereva wengi hawajalala. Kaeni nyumbani wiki hiyo.

Hatua ya 2: Pangeni kikundi na majukumu

Watu wanane hadi kumi na wawili wanatosha. Wakizidi hapo, chai peke yake itachukua saa nzima kwenye kila kituo. Kabla ya kuzungumzia pesa, gaweni majukumu, na kila mtu akubali lake mbele ya wenzake.

Kiongozi wa mbele ndiye anayeshika mwendo. Asiwe yule mwenye nguvu kuliko wote, awe mwenye subira, anayegeuka nyuma mara kwa mara. Mfunga msafara ndiye mtu muhimu kuliko wote: haruhusiwi kumpita mtu yeyote kutoka asubuhi hadi jioni, hata kama wa mwisho anatembea kwa miguu. Mpeni mtu mzima mwenye uzoefu, na simu yenye chaji. Fundi abebe vifaa na akae katikati, ili pancha ya mbele au ya nyuma isimkute mbali. Mwingine abebe sanduku la huduma ya kwanza, na mweka hazina akusanye michango kwa M-Pesa na kulipa chakula na malazi ya wote. Kila mtu akilipa chake hotelini mtapoteza nusu saa ya mwanga mkitafuta chenji.

Mkiweza, kodini gari la msaada. Probox yenye keria juu inabeba mabegi yote, maji, na baiskeli mbili tatu zilizoharibika. Dereva asifuate msafara kwa mwendo wa pole kwenye lami, maana anawalazimisha wengine kumpita vibaya. Atangulie kilomita kumi hadi kumi na tano, aegeshe mahali salama nje ya barabara, awangoje. Hapo pia atajua mtu amechoka kabla mwenyewe hajakubali.

Kuhusu kuchoka, kubalianeni mapema kwamba kupanda gari si aibu. Vijana hasa hukaza shingo. Kiongozi amwendee kando, mbali na wenzake, amwambie taratibu: "Ndugu yangu, panda gari hadi Kericho, kesho utatuongoza kwenye mteremko." Akiambiwa hadharani atakataa, na mtamsubiri gizani.

Kila mmoja aandike kwenye karatasi jina lake, kundi la damu, dawa anazotumia, namba ya mtu wa nyumbani na namba yake ya SHA, bima ya afya ya serikali. Nakala moja akae nayo, nyingine iwe kwa mtu wa huduma ya kwanza.

Hatua ya 3: Kagueni baiskeli wiki mbili kabla

Huhitaji baiskeli ghali. Baiskeli ya mtumba ya milimani, kama zinazouzwa Nakuru na Kisumu, inafaa kabisa ikiwa fremu haina ufa na gia zinafanya kazi. Kinachotakiwa hasa ni gia nyepesi ya kupandia. Ile baiskeli nyeusi ya gia moja inayobeba maziwa na magunia huko magharibi ni imara ajabu, lakini kuipandisha Elburgon ni kuitesa nafsi.

Toa tairi pana zenye meno makubwa, weka nyembamba kidogo zenye uso laini, za milimita 35 hadi 42. Utahisi tofauti siku ya kwanza. Kisha mpelekee fundi na usimame pale pale akiikagua. Mwambie aangalie raba za breki na nyaya zake, kwa sababu mteremko wa Kericho utazila. Aangalie cheni: ikishavutika itaruka meno mlimani ukiikanyaga kwa nguvu. Azungushe magurudumu aone kama yanayumba, na agonge spoki moja moja. Iliyolegea hutoa sauti tofauti na wenzake. Ukibadilisha kitu chochote, badilisha wiki mbili kabla, halafu utembee nacho. Usiingie safarini na kiti kipya.

Urefu wa kiti wengi hawaujali, ilhali magoti mengi huumia kwa sababu yake. Kaa juu ya kiti, weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kuinama. Ukirudisha sehemu ya mbele ya wayo kwenye pedali, goti litabaki na mkunjo mdogo, na hapo ndipo panapotakiwa.

Hatua ya 4: Fanyeni mazoezi wiki nane

Siku tatu kwa wiki zinatosha: mbili fupi za saa moja, na moja ndefu mwishoni mwa wiki. Anza na kilomita 25, ongeza kidogo kila wiki hadi ufike 80. Wiki ya sita na ya saba, endesha Jumamosi na Jumapili mfululizo, kwa sababu safari haitakuuliza kama ulilala umechoka. Wiki ya mwisho punguza, pumzisha mwili.

Anayeishi Nakuru ana mlima mlangoni: kupanda hadi ukingo wa kreta ya Menengai ni mazoezi bora kuliko kilomita nyingi za tambarare. Wa Kisumu waende Riat, au wachukue barabara ya Kisian kwenda Maseno. Waliozoea hewa ya ziwani wafike Nakuru siku moja au mbili kabla. Hewa ya Molo ni nyepesi, na mtu wa tambarare huhema hata akiwa na mapafu mazuri.

Angalau mara mbili, fanyeni mazoezi kikundi kizima, mkiwa katika nafasi zenu. Huko ndiko mtakakojua nani hatazami nyuma.

Hatua ya 5: Fungeni mizigo

Kila mtu awe na helmeti, glavu, vesti ya rifleta, taa nyekundu ya nyuma, koti la mvua, sweta ya asubuhi ya Molo na shati jepesi la Kisumu. Katika safari hii utahitaji vyote viwili, wakati mwingine siku moja. Kaptura mbili za baiskeli, zifuliwe kila jioni. Chupa mbili za maji. Tyubu mbili za ziada za saizi yako mwenyewe, kwa maana ya mwenzako inaweza isikuingie.

Fundi abebe pampu, solusheni na viraka, vipande vya plastiki vya kutolea tairi, alenkii, spana, kifaa cha kukatia cheni pamoja na viungo vya ziada, nyaya za breki na gia, mafuta ya cheni, na kipande cha tairi kuukuu cha kuwekea ndani tairi ikichanika. Mafundi wa baiskeli mtawapata karibu kila soko kuanzia Ahero kwenda magharibi, na ni hodari. Kati ya Molo na Kericho ni wachache, kwa hiyo huko jitegemeeni.

Hatua ya 6: Shikeni kanuni za barabarani

Kaeni kushoto, mstari mmoja. Kuendesha wawili wawili mkizungumza ni kwa barabara za ndani zisizo na magari. Mkiwa zaidi ya sita, jigaweni mafungu mawili yenye mwanya wa mita 100 au zaidi katikati, ili lori likipita fungu la kwanza lipate pa kurudi kabla ya la pili.

Wa mbele akiona kitu, apaze sauti na kuonyesha kwa mkono: "Shimo!" "Tuta!" "Mchanga!" Anayemfuata arudie, hadi sauti imfikie mfunga msafara. Naye mfunga msafara hupaza "Lori nyuma!" na neno hupanda hadi mbele. Mwanzoni watu huona haya kupiga kelele. Wakishanusurika tuta moja lisilochorwa, haya huisha.

Mkisimama, tokeni nje ya lami kabisa, baiskeli na miguu. Ajali mbaya hutokea watu wakiwa wamesimama wakipiga picha.

Ukingo wa barabara una watumiaji wake: bodaboda wanaokuja upande usio wao, ng'ombe, punda wa maji, watoto wa shule, mama wenye mizigo kichwani. Punguza mwendo, piga kengele mapema, salimia. Salamu ya wenyeji hufungua njia: "Chamgei" Kericho, "Misawa" Ahero na Kisumu, "Mulembe" ukifika Luanda. Mzee aliyesalimiwa vizuri atakuonyesha kisima na njia ya mkato isiyo na matope.

Msiendeshe usiku. Huku kwetu jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni mwaka mzima, na giza halichelewi. Pangeni kufika mnakolala saa tisa alasiri. Saa zinazobaki ni akiba ya pancha na mvua.

Hatua ya 7: Siku kwa siku

Siku ya kwanza ni Nakuru hadi Molo, kama kilomita 50. Umbali ni mdogo kwa makusudi, kwa sababu karibu yote ni kupanda. Ondokeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kunywa chai Njoro, kisha mpande polepole hadi Elburgon. Kila mtu apande kwa mwendo wake, gia nyepesi, pumzi ikimruhusu kuzungumza. Anayeshindwa kusema sentensi nzima anakwenda kasi mno. Kiongozi awangoje wote juu ya kila mlima mrefu, na msafara usiondoke mara tu wa mwisho anapofika. Naye apumzike dakika tano kama wenzake. Kosa hili ni la kawaida mno, na linamwonea aliye dhaifu, maana waliofika mapema wamepumzika robo saa na yeye hajapumzika kabisa.

Siku ya pili ni Molo hadi Kericho, takriban kilomita 70. Asubuhi huwa na ukungu na baridi kali. Msiondoke kabla ya kuona mbele vizuri, na taa za nyuma ziwake. Kipande cha barabara kuu hadi Mau Summit ndicho cha kutuliza akili: mstari mmoja, kimya, macho mbele. Baada ya hapo ni njia panda ya Londiani, Kedowa, Chepseon, vilima vya kupanda na kushuka, misitu, halafu majani chai yanayotandaza kijani kibichi hadi upeo wa macho. Mtu yeyote asinyimwe nafasi ya kusimama na kuyatazama, ila saa nane mchana muwe mmekaribia mji. Mvua ya Kericho huja alasiri na radi, mara nyingi na barafu. Ikiwakuta njiani, ingieni chini ya paa la duka, si chini ya mti.

Siku ya tatu ni Kericho hadi Kisumu, kama kilomita 80, na mwanzo wake ni mteremko unaohitaji akili kuliko nguvu. Kabla ya kuondoka fundi apime breki za kila mtu. Achaneni mita 30 au zaidi. Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake. Tumia breki zote mbili kwa kubana na kuachia. Ukizishikilia mfululizo ringi hupata moto na tyubu inaweza kupasuka. Kwenye kona, mguu wa upande wa nje uwe chini, uzito juu yake. Simameni Kapsoit, simameni tena Kipsitet, mpoe mikono. Katika mteremko huu hakuna mashindano, na atakayempita kiongozi apande gari.

Chini ni Awasi, na hewa inabadilika kana kwamba mlango wa jiko umefunguliwa. Vueni sweta, jazeni chupa. Kutoka Awasi hadi Ahero ni tambarare ya miwa na mpunga. Jihadharini na vipande vya miwa vilivyodondoka kutoka kwenye matrela, vinateleza. Ni vyema kuvuka Kano kabla ya saa sita, kwa sababu mchana upepo wa ziwa huvuma kuelekea nchi kavu, nanyi mtakuwa mkiupiga kifua. Ukiwakuta, fuataneni kwa karibu na mpokezane mbele kila dakika chache, aliyechoka akae nyuma. Kuingia mjini kupitia Nyamasaria kuna matatu na tuktuk nyingi. Mkiona msongamano umezidi, shukeni msukume.

Siku ya nne pumzikeni Kisumu. Fueni, oshea baiskeli vumbi, paka mafuta cheni, nenda Dunga ule samaki. Lala chini ya neti.

Siku ya tano ni Kisumu hadi Busia, kama kilomita 115, ndefu kuliko zote. Ondokeni mwanga wa kwanza. Baada ya Kisian kuna mlima hadi Maseno, mahali ambapo ikweta hukatiza barabara, na baada ya hapo, Luanda, Yala, Ugunja na Bumala, ni vilima vifupi visivyokwisha. Gawa siku mara tatu, na kituo kirefu cha chakula Ugunja. Mkikaribia Busia mtakuta foleni ndefu ya malori yanayongoja kuvuka. Piteni pole, mlango wa lori unaweza kufunguka ghafla. Huu ndio mji ambako kubeba abiria kwa baiskeli kulianza miaka ya 1960, na kuingia hapo juu ya baiskeli ni heshima yake. Wanaotaka kuvuka hadi upande wa Uganda, raia wa Kenya anatumia kitambulisho chake cha taifa, lakini apite ofisi ya uhamiaji kwanza.

Hatua ya 8: Kuleni kabla ya njaa, kunyweni kabla ya kiu

Kifungua kinywa kiwe uji, mayai na chapati au viazi vitamu. Njiani, kila dakika 45 weka kitu kidogo mdomoni: ndizi, karanga, andazi. Nyama na mafuta mengi ni ya jioni. Mursik ya Kericho, yaani maziwa ya kienyeji yaliyogandishwa, ni tamu, ila tumbo lisiloizoea liionje usiku, si asubuhi ya mteremko.

Kwenye joto la Kano, maji matupu hayatoshi. Chukua lita moja ya maji safi, tia vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, ukoroge. Mtu akiacha kutoa jasho, akachanganyikiwa au kutapika, mwondoe juani, mlowanishe maji, mpeleke hospitali. Hospitali kubwa za njiani ni za rufaa za kaunti Nakuru, Kericho na Busia, na ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu. Namba za dharura ni 999 au 112, na ya Msalaba Mwekundu ni 1199.

Hatua ya 9: Kurudi, na wiki mbili zinazofuata

Mabasi na matatu za kwenda Kisumu na Nakuru hubeba baiskeli juu ya keria au ndani ya buti. Patana bei ya baiskeli kabla hujalipa nauli ya mtu. Toa gurudumu la mbele, geuza usukani, funga kadibodi upande wenye gia, na uilaze gia zikiwa juu. Mweka hazina asome hesabu usiku huo huo wa Busia, wote wakiwepo, na arudishe salio kabla watu hawajatawanyika.

Mtu wa Nakuru au Molo hana kinga ya malaria kama aliyekulia ziwani. Muone daktari kabla ya safari akushauri kuhusu dawa za kuzuia. Homa, maumivu ya kichwa au baridi ikikupata siku saba au zaidi baada ya kulala Kisumu, hata ikiwa imepita wiki kadhaa, usinywe dawa za maumivu ukangoja. Nenda ukapimwe siku hiyo hiyo, na umwambie daktari kwamba ulikuwa ukanda wa ziwa.